Sifuri za Januari

Ada yangu niliilipa kwa miguu.
Sisi tusio na fedha tuliambiwa: bebeni vipaza sauti,
pangeni viti, elekezeni wageni vyooni,
nanyi mtasikiliza bure siku tatu
wakubwa wakipima bei ya joto.
Ndivyo nilivyoingia, mimi Anže, mwaka wa pili wa uzamili,
niliyerudishiwa andiko langu na maneno mawili:
data haitoshi.

Ljubljana, Februari. Theluji imekuwa tope.
Wanafunzi walitengewa ghorofa ya chini, kando ya makabati ya makoti,
mabango arobaini na moja, dakika nane kila mmoja.
La mwisho lilikuwa la Zornitsa.
Alikesha ndani ya basi kutoka Sofia,
bango limeviringwa kwenye kipande cha bomba la maji
alichokatiwa na mjomba kwa msumeno.
Pembe moja ililowa. Akaifuta kwa mkono wa sweta.
Nikamuuliza kama anahitaji gundi.
"Nahitaji chai," akasema.

Kaya mia mbili na kumi na mbili za mtaa wao, Pernik.
Shangazi yake ni msoma mita; walipanda ngazi pamoja
majira manne ya baridi,
mmoja akimulika tochi, mwingine akinakili kwa penseli,
maana kalamu ya wino iligoma kwenye ngazi zile.

Juu, ukumbini, walikuwa wakitaja mabilioni.
Mzungumzaji mmoja alisema "mtumiaji" mara hamsini na sita.
Nilihesabu. Sikuwa na kazi nyingine.

Saa nane mchana akashuka bwana Loibner wa Graz,
kahawa mkononi, kidole kikitembea juu ya jedwali.
"Hizi sifuri," akasema. "Kumi na tisa, zote za Januari.
Makosa ya uingizaji. Zifute, mstari wako utanyooka."

Mimi, kwa mazoea tu, nikamsogezea Zornitsa kipaza sauti.
Hakikuwa kimewashwa.

"Si makosa.
Hii ni ya Pencho. Desemba alilipa, Januari akahamia
jikoni kwa dada yake, wakalala watano kuzunguka jiko moja.
Hii ya mama Stoyanka: alikuwa amelazwa,
akamwomba daktari asimruhusu mapema, wodini kuna joto.
Hii ni yetu."

Hiyo ya kwao hakuieleza.

Loibner hakuomba radhi.
Alivuta kiti, kimoja cha vile nilivyopanga alfajiri, akakaa.
Dakika nane zikazaa arobaini.
"Basi bili ya yule dada," akauliza, "ilipanda kiasi gani?"
Zornitsa akafungua kinywa, akakifunga.
Miaka minne, na hakuwahi kuzisoma nyumba mbili kama nyumba moja.
Nikauona uso wake: mtu aliyeonyeshwa mlango
ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tuzo ilikwenda kwa Vytenis wa Kaunas, na betri zake.
Alistahili, wala sisemi kwa adabu.
Zornitsa alimpigia makofi, keki ikiwa imejaa mdomoni.
Yeye aliondoka na leso ya karatasi
yenye anwani, na ahadi ya miezi mitatu kwenye chumba cha takwimu,
nauli juu yao, "ikiwa bajeti itapita."
Ile "ikiwa" aliipigia mstari mara mbili,
kisha akaikunja leso, akaitia ndani ya bomba.

Nilikunja viti mia tatu usiku ule.
Nyumbani nikafungua andiko langu lililokataliwa.
Mwaka jana nilifuta safu sita ili mchoro upendeze,
na sasa sikumbuki hata namba za nyumba.
Ninaujua mtaa tu, nyuma ya stesheni.

Asubuhi nikavaa buti, nikaenda kupiga hodi.
Mlango wa kwanza hakufungua mtu.
Niliandika saa, nikaandika mlango,
nikaacha nafasi wazi.